Zamu ya Mama Melini

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole na shughuli za hapo nyumbani, maana najua hata hii barua unaisoma umesimama, jicho moja liko jikoni. Natumai u mzima, na mgongo wako umepunguza yale maumivu. Shemeji naye msalimie sana. Nasikia tangu astaafu udereva hakai ndani ya gari la mtu bila kumwelekeza aliyeshika usukani, basi mwambie asichoke, labda kuna atakayemsikiliza. Mama hajambo? Amekula vizuri leo? Mimi mwilini sina tatizo. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake ndiyo imenikalisha hapa na kalamu.

Utajiuliza nimepatwa na nini hata nikuandikie wakati simu iko mkononi. Nimekupigia wiki hii si mara moja, na kila ulipopokea nikakuuliza habari za mvua, nikacheka kidogo, nikaaga. Wanijua. Kwenye simu mimi ni hodari wa kupiga chenga. Kwenye karatasi nikilikwepa neno nitaliona mwenyewe kwamba nimelikwepa.

Ujumbe wako niliupata. Umeniuliza kama ile meli mpya ya kitalii ina thamani ya bei yake, kwa kuwa kaka anataka kumlipia mama safari ya pili kabla hajahamia kwangu mwisho wa mwezi. Halafu ukaongeza, kwa chini kabisa, kwamba umeshaanza kufungasha nguo zake. Hukulalamika hata neno. Ungelalamika ningepata pa kupumulia.

Hapa saluni swali hilo nalijibu kila siku. Ile picha ya mama akiwa amekaa kwenye kiti cha kujinyoosha, bahari yote nyuma yake, nimeibandika juu ya kioo kikubwa. Mteja hata hajafungua kilemba ananiuliza ni wapi pale, nami natoa mhadhara na kitana mkononi. Nawaambia wauze hata kabati la vyombo lakini waende. Wengine wameanza kuweka akiba kwa ajili ya mdomo wangu. Wewe sitakupa mhadhara wa saluni.

Nianze na meli yenyewe, maana hilo ni rahisi. Ni kubwa kuliko nilivyotegemea, ni mtaa mzima wa maghorofa uliosukumwa majini. Ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili tangu itoke kiwandani, na bado ilinuka rangi. Vitufe vya lifti vilikuwa na karatasi zake za nailoni. Bafuni kwetu bomba la baridi lilitoa maji ya moto, nikaungua mkono nikasema maneno ambayo mama alinitaka niyaombee radhi hapo hapo. Wahudumu walitembea na ramani mifukoni. Ukimuuliza mmoja ukumbi wa chakula uko wapi, naye anamuuliza mwenzake, mnaishia kutafuta wote. Chakula ni bure toka asubuhi, ila chochote chenye kung'aa kina malipo yake: soda, mtandao, kiti cha mbele kwenye maonyesho. Nadhani hata kukohoa wangetoza, hawajapata tu mashine yake. Lakini nitakuwa mwongo nikisema haikuwa nzuri. Kuna bustani yenye majani ya kweli katikati ya bahari. Kuna mabwawa ya kuogelea matatu sijui manne, na vitanda ambavyo ukilala hutaki kumsamehe aliyekutengenezea kile cha nyumbani.

Sasa mama. Unakumbuka safari yenyewe ilizaliwaje. Yalimfikia kaka yale maneno, kwamba unamfanyisha mama kazi za nyumbani, mtu ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka, na mbaya zaidi kwamba unamfanyia mchezo. Wewe ukamshuku jirani yako wa ukuta kwa ukuta, na mpaka leo hamsalimiani. Mimi nikajitokeza mbele ya ndugu wote nikasema nitachangia nusu, kaka achangie nusu, nimpeleke mama melini akapumzike kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilikumbusha alivyotulea kwa shuka za hospitali, miaka yote ile kwenye chumba cha kufulia, mikono ikimchubuka kwa dawa. Nilisema sasa ni zamu yake kufuliwa na kukunjiwa. Wifi alitokwa na machozi. Sikusema apumzike mbali nawe, lakini ndivyo ilivyosikika, na ndivyo nilivyotaka isikike.

Siku ya kwanza tu, mchana, nilimkalisha kivulini karibu na bwawa, nikampa juisi, nikamfunika miguu. Nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua kiti chake kilikuwa kitupu na juisi haijaguswa. Nilikimbia nikichungulia pembeni mwa meli, kwenye maji, huku najiambia nisichungulie. Wahudumu walinisaidia kwa moyo wote, lakini ndio hao wenye ramani. Ghorofa za chini milango mingine haikuwa hata na vibao bado. Tuliingia stoo, tukaingia chumba cha injini za lifti, tukamkuta mpishi amelala juu ya magunia naye akadhani tumetumwa kumfukuza kazi.

Tulimkuta chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa ameliona toroli la shuka likipita, akalifuata mpaka mlango wa wafanyakazi, na mlango wenyewe kitasa chake kilikuwa hakijakaza vizuri. Alikuwa amesimama kwenye meza ndefu kati ya mashine zinazonguruma, amekunja mikono ya gauni, anakunja taulo. Wafanyakazi walikuwa wamempisha nafasi, wanatazamana. Nilimshika mkono nikamwambia twende. Akaniambia kwa sauti ya chini nimwache, matroni atapita sasa hivi na wodi ya wazazi haina shuka hata moja.

Nilimpandisha juu kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoanza kujua wewe unaishi na nini. Alilia kama mtu anayechelewa kazini, dada, maana kweli alikuwa anachelewa kazini. Aligonga mlango wa chumba chetu kwa ndani. Kesho yake kwenye ukumbi wa chakula alipita meza za watu akikusanya vitambaa vya mezani, vingine wenyewe bado wanafutia midomo, na bibi mmoja mwenye hereni nzito akamwita mhudumu amwondoe. Mimi niliinamisha uso kwenye sahani. Nilijifanya niko meza nyingine. Naliandika hili haraka kabla sijalibadilisha.

Basi siku iliyofuata, baada ya chai, nilimpeleka chini mwenyewe. Msimamizi wa pale ni bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye kutembea ameinama kwa sababu ya mabomba ya darini. Nilimweleza kwa kubabaika. Aliniambia abiria haruhusiwi kule na yeye anaweza kupoteza kazi, ila meli ni mpya kiasi kwamba hakuna anayejua bado nani ni nani, basi mama avae aproni akae. Mama alipofungwa ile aproni mgongo wake ulinyooka. Aliuliza leo wanaanza na wodi gani.

Nikapanda ngazi peke yangu. Nataka ujue nilivyopanda. Nilipanda nimekuwa mwepesi, nusura niimbe.

Na hivyo ndivyo tulivyosafiri. Asubuhi namshusha, jioni namchukua. Mchana tunakula pamoja, naye anakula upesi upesi kwa sababu zamu haijaisha. Mimi nililala kando ya bwawa. Nilitengenezwa kucha. Nilitazama maonyesho, nikacheka na watu nisiowajua, na walipouliza nimekuja na nani, nilisema na mama yangu, anapumzika chumbani. Mama yetu alikuwa chini ya miguu yangu kwenye joto la mashine, amesimama, anakunja taulo ambazo nami nilikuwa mmoja wa kuzilowesha. Tulilipa pesa yote ile asifanye kazi, nikamwacha anafanya kazi. Ukiniuliza kama meli ina thamani ya bei yake, jibu la kweli ni kwamba kwangu mimi ilikuwa nayo yote, na ndilo linaloniuma. Sijawahi kustarehe vile.

Utasema, mbona picha. Picha zote nilizipiga alasiri moja. Nilimwomba bwana yule anipe mama kidogo, nikampandisha sitahani na mfuko wa vilemba, mitandio na miwani yangu ya jua. Kazi yangu si unaijua. Mtu akikaa mikononi mwangu dakika chache anaondoka mwingine. Kilemba cha bluu kwenye kiti cha bwawani, mtandio mweupe bustanini, miwani na shanga kwenye ngazi kubwa. Nilimwambia ni picha za kitambulisho cha kazini, ndiyo maana kote amekaa wima na anaitazama kamera moja kwa moja. Wifi akaandika kwenye kundi la familia kwamba mama amerudi kuwa malkia. Nilikuwa nazitoa moja moja, leo hii, kesho ile, ili ionekane siku zinavyopita kwa raha. Na kila nilipotuma nilisubiri kuona kama wewe umeiona. Ulikuwa unaandika neno moja tu, asante. Nilifurahi kwamba ni neno moja. Nilijua limekuchoma.

Kwa picha hizo kikao cha ndugu kikakaa na kuamua mama ahamie kwangu. Kaka alisema mbele ya watu wote kwamba sasa tumeona mtoto mwenye kujua thamani ya mama. Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango ukasema sawa. Mimi nilikunywa maji.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa. Katikati ya safari nilishuka mapema kuliko kawaida, nilikuwa nimesahau funguo kwa mama. Mama alikuwa amepelekwa kunawa mikono. Nilimkuta yule msimamizi kwenye meza ya mama. Alikuwa anachukua taulo ambazo mama amezikunja tangu asubuhi, zimepangwa safi, kona kwa kona, anazikung'uta moja moja na kuzitupa kwenye toroli. Nilihamaki. Nilimuuliza ni dharau gani hiyo. Hakukasirika. Alinieleza kwamba wao huviringisha taulo, hawazikunji kwa mtindo ule wa hospitali, kwa hiyo za mama haziwezi kupelekwa vyumbani. Siku ya kwanza waliziviringisha upya alipoondoka. Lakini kesho yake mama alimaliza toroli lake mapema, akaona meza tupu, akaanza kutetemeka na kuuliza kama amefukuzwa. Tangu siku hiyo wamemtengea taulo zake. Akimaliza wanamwambia akanawe, wanazikung'uta, wanamletea tena, naye anazipokea kwa furaha kwamba kazi ipo. Alisema hapati namna nyingine ya kumwambia mtu kama yule kwamba bado anahitajika.

Niliegemea ile mashine, na moto wake sikuuhisi. Niliwahi kukiona kitendo kile, dada, na niliyemwona akikifanya ni wewe.

Siku ile nilipokuja kwako bila taarifa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ulikuwa umefungua kabati. Ulikuwa unatoa nguo alizokunja mama asubuhi, za shemeji, za kwako, mashuka, unazikung'uta na kuzitupa kwenye kapu, halafu ukamwita mama ukamwambia nguo zimekauka. Akaja anatabasamu. Nilisimama pale nikaona dada yangu anamchezea mama yetu akili. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungenijibu, na mambo yangekuwa yameisha palepale jikoni kwako. Nilipitia mlango wa mbele, nikakaa kidogo, ukashangaa mbona naondoka hata chai haijachemka. Kabla sijafika kituoni nilikuwa nimempigia kaka.

Ni mimi. Jirani yako hakusema kitu, wala hajui kitu. Maneno yote yaliyomfikia kaka yalitoka kinywani mwangu, na nilipoyasema niliyatia chumvi: nilisema mama alikuwa amechoka, nilisema ulikuwa unacheka. Hukuwa unacheka. Ulikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya. Nilipoujua ukweli kule melini ningeweza kumpigia kaka siku ileile nikayafuta. Badala yake nilipanda juu nikachagua picha ya kutuma jioni, ile ya ngazi kubwa.

Kwa nini nilifanya hivyo nimejiuliza sana. Nadhani nilikuonea wivu. Miaka yote mama akiamka anakuita wewe. Mimi nakuja na zawadi na kilemba kipya, anashukuru vizuri, anakigeuza geuza, halafu anakuuliza wewe akiweke wapi. Nilitaka mara moja tu watu waseme mimi ndiye. Wamesema, na tangu waseme sijalala.

Siku ya kushuka melini nilikwenda kumchukua kwa mara ya mwisho. Wafanyakazi walikuwa wamempigia makofi, naye amewakataza wasipige kelele karibu na wodi. Aliponiona alijifuta mikono, akanitazama kwa adabu, akaniita matroni. Aliniomba ruhusa atoke mapema siku hiyo. Alisema binti yake anamsubiri nyumbani, wana nguo za kukunja na peke yake hataziweza. Nilimuuliza ni binti yupi huyo. Akakutaja wewe, kwa lile jina la utotoni ambalo siku hizi hakuna anayekuita. Nikapiga moyo konde, nikamuuliza kama hana binti mwingine wa kumsaidia. Alifikiri kidogo. Akasema yupo, mdogo wake, mzuri sana, anajua kuvaa. Lakini huyo akija huwa hawampi kazi, kwa sababu ni mgeni.

Dada, toa nguo za mama kwenye sanduku uzirudishe kabatini. Kaka nimemwomba aitishe kikao Jumapili hii, sijamwambia cha nini. Nitayasema haya yote mwenyewe, na picha nitawaonyesha zilivyopigwa. Nitapita kwanza kwa jirani yako nimwombe radhi kabla sijaingia kwako. Yeye akinifungia mlango nitaelewa, na wewe ukinifungia nitaelewa zaidi. Lakini ukinifungulia, nakuomba jambo moja. Usiniandalie sebuleni. Jumatatu saluni haifunguliwi. Niite Jumatatu zote, wewe ukalale au ukatembee na shemeji, na mimi unioneshe zile nguo unazikung'utaje bila mama kukuona.

Nisalimie watoto wakipiga simu, na shemeji, na mpe mama pole ya kazi. Mwambie imetoka kwa matroni, ataipokea vizuri zaidi kuliko ikitoka kwangu.

Nakuomba unisamehe, si lazima iwe leo.

Ni mimi,
mdogo wako.